Ijumaa Wapemba tunapewa vitambulisho Kilifi. Niwatoe watoto shule wakashuhudie?

MamaKaranga (Mayungu)
Jumatatu, 24 Julai 2023

Assalaam alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wote. Nyumbani kwangu kuna jambo ambalo kila mtu ana lake la kusema, na siku zinakwisha, kwa hiyo nalileta kwenu.

Ijumaa hii tarehe 28 Rais Ruto anatarajiwa uwanja wa Karisa Maitha, Kilifi mjini, kutukabidhi Wapemba vitambulisho na vyeti. Tangazo la kututambua kuwa Wakenya lilitoka Januari mwaka huu, na tangu hapo watu wamekuwa wakiandikishwa. Mimi nimezaliwa hapa Mayungu. Mume wangu vilevile. Watoto wetu watatu hawajafika Pemba hata kwa matembezi. Na mpaka leo nyumba nzima hakuna mwenye karatasi ya kuonyesha kwao ni wapi.

Anayetaka watoto waende ni baba mkwe, Babu yao. Alikuja kijana wa kupika chomboni, na dago la Wakojani, yaani wavuvi wa msimu kutoka Kojani, Pemba, zama ambazo Pemba na huu ukanda wa Pwani wa maili kumi vyote vilikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar. Hakuvuka mpaka wa nchi yoyote. Kusi ilimleta, kaskazi ikamrudisha, misimu ikaenda hivyo hivyo, mwishowe akaoa huku akabaki. Halafu Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru, Januari 1964 yakaja mapinduzi Zanzibar, na yeye akajikuta huku anaitwa mgeni na kule hana tena wa kumpokea. Sasa amepita miaka 80. Anasema watoto wote watatu waende, tena wakae mbele, wamsikie akiitwa jina.

Mume wangu hataki. Yeye anasema karatasi hizi tumezitafuta ili watoto wasome, sasa kuwatoa darasani kwa ajili ya karatasi hizo hizo kuna maana gani? Mkubwa wetu yuko darasa la nane, ni wale wa mwisho kabisa watakaofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mwalimu wao hataki kusikia habari ya mtoto kukosa siku. Tena anaogopa msongamano. Wiki iliyopita tu shule za kutwa Nairobi na Mombasa zilifungwa kwa sababu ya maandamano, na hatujui wiki hii itakwendaje.

Mimi nataka waende, na sababu yangu siyo ya Babu. Binti yangu wa pili yuko gredi ya nne. Gari la polisi likisikika njiani usiku, kabla sijafungua mdomo yeye ameshainuka kutia komeo mlango wa uani. Hakuna aliyemwambia. Amejifunza kwa kuona, maana misako ilipozidi babake alikuwa akilala mikokoni Mida, akirudi alfajiri na matope mpaka magotini. Wanangu wanajua kwamba dau analovulia baba yao limeandikishwa kwa jina la tajiri. Wanajua laini ninayopokelea pesa za samaki ni ya jina la jirani, na kwamba tukikosana naye sina pa kushitaki. Mkubwa aliambiwa mbele ya wenzake kuwa hawezi kuombewa basari kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa. Hayo yote ya kujificha wameyashuhudia. Naona si haki siku ya kutoka hadharani ndiyo wawe darasani wakinakili ubaoni.

Siku Babu alipoandikishwa binti huyu alikuwepo, shule ilikuwa imefungwa. Vidole vya Babu vimelika kwa mshipi. Yule kijana wa usajili alimpaka wino, akambonyeza kwenye fomu, likatoka doa jeusi tupu lisilo na mstari hata mmoja. Akamfuta kwa spiriti, akarudia. Doa tena. Akaenda kidole hadi kidole, Babu kimya, watu nyuma yetu wanaanza kuguna. Mistari ilikuja kutokea kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na binti yangu, aliyekuwa ameinamia meza muda wote huo, akasema kwa sauti, “Huyu hapa, ameonekana!” Kila mtu alicheka mpaka yule kijana wa usajili.

Basi aliyewahi kupeleka watoto kwenye siku kama hii aniambie. Mdogo ana miaka mitatu, naye nimchukue? Ni siku za funga ya Ashura na mkubwa atakuwa amefunga, jua la Kilifi mnalijua. Na nitawaelezaje wasidhani tunakwenda kwenye mkutano wa siasa wa kugawiwa fulana?

FundiMpingo (Msambweni)
Jumatatu, 24 Julai 2023

Dada yangu wa Mayungu, wapeleke.

Mimi ni Mmakonde. Babu yangu aliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mkonge huku Kwale enzi za Mwingereza. Sisi wajukuu tulizaliwa kwenye kambi za mashamba hayo hayo, tukachonga vinyago na kuviuza kupitia watu wenye vitambulisho, nao wakala sehemu kubwa. Oktoba 2016 tulifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Tulikwenda wazee kwa vijana, na akina mama wenye watoto mgongoni. Polisi walituzuia njiani, hatukurudi. Tulipofika Ikulu, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa kucheleweshwa kwetu, akaamuru tupewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Februari 2017 akaja huku Kwale kuvikabidhi, na tangu hapo Wamakonde tunahesabiwa kabila la 43.

Mwanangu wa kwanza wakati huo alikuwa na miaka 12. Safari ya Nairobi hakwenda, lakini siku ile ya Februari nilimtoa shule. Hotuba hakusikiliza hata moja, alikuwa na wenzake chini ya mwembe. Alipokaribia kuitwa mama yangu nilimfuata nikamshika mkono, akaja akasimama mbele, akamwona bibi yake akipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo kama wanavyofanya wazee wetu wakipokea kitu. Akarudi kwenye mwembe wake.

Mwaka huu ametimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho. Karani akaliangalia jina lake, akaanza: leta cha babu yako, leta barua nyingine ya chifu, njoo wiki ijayo. Mimi katika umri wake ningeondoka kimya, na pengine nisingerudi. Yeye alivuta kiti akaketi. Akamwambia, “Bibi yangu alikabidhiwa chake na Rais, na mimi nilikuwepo. Niambie hapa kinachokosekana ni nini.” Kilikosekana kopi moja tu. Amekipata.

Kwa hiyo simzungumzii mtoto kukumbuka sherehe. Nazungumzia dirishani kwa karani wa vitambulisho, siku ambayo wewe haupo na Babu hayupo. Mtoto aliyeona kwa macho yake si rahisi kumtisha pale.

Kuhusu kuwaeleza: Alhamisi usiku Babu awaketishe, awatajie waliokuja naye kwenye dago, mmoja mmoja kwa jina, na wale waliokufa bila kupata karatasi. Wakiyajua majina hayo hawatadhani ni habari ya fulana.

NahodhaVanga (Vanga)
Jumatatu, 24 Julai 2023

Bi MamaKaranga, mimi ni Mpemba mwenzako na furaha yako ni yangu. Lakini kabla ya kuuliza habari za shule na jua, uliza hili: je, majina yenu yamo kwenye orodha ya Ijumaa?

Sisi tunakisiwa kuwa watu kama 7,000 katika pwani yote, kutoka huku Vanga mpaka Lamu. Hawawezi kupewa wote siku moja uwanjani. Wataitwa baadhi, wengine watafuata kidogo kidogo. Nina mtoto wa umri wa binti yako. Nikimpeleka pale, akakaa tangu asubuhi akisikia majina ya watu, na la babake lisitajwe, atarudi na nini nyumbani? Atajua kwamba hata siku ya Wapemba babake hakuwemo. Mimi wangu hawaendi mpaka nihakikishe. Mumeo usimwone mkaidi. Huenda hili ndilo linalomsumbua na hataki kulisema.

MwalimuWaInsha (Gede)
Jumanne, 25 Julai 2023

Mama, shikamoo kwa Babu. Mimi nafundisha darasa la nane, kwa hiyo nazungumza kama yule mwalimu ambaye hataki mtoto akose siku.

Ijumaa moja haitamwangusha. Kinachowaangusha watahiniwa wetu ni wiki nzima nzima za kufukuzwa kwa ajili ya karo, na wale wanaoitwa kuvua wakati samaki wamejaa. Muhula unafungwa Agosti 11, marudio yapo bado. Mruhusu aende, lakini nakuomba sana ufanye jambo moja: usimwombee ruhusa kwa kusema ni mgonjwa. Najua ndiyo njia nyepesi na hakuna atakayekuuliza. Wanao wamekua wakisikia watu wazima wakisema uongo mdogo mdogo ili wapite salama, kuhusu jina, kuhusu walikozaliwa. Ijumaa hii isianze na uongo wa namna hiyo. Andika barua, sema mwanangu anakwenda kushuhudia babu yake akipewa kitambulisho cha Kenya. Mpe mwenyewe aipeleke kwa mwalimu mkuu kwa mkono wake.

Akirudi aandike insha. KCPE ina karatasi ya insha, na kila mwaka tunasahihisha “siku ambayo sitaisahau” ambazo zote ni ajali ya basi na harusi ya mjomba, kwa sababu watoto wanakariri. Huyu atakuwa na ya kwake.

Ungependa wajue pia kwamba jambo hili lina sheria nyuma yake. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilisema mtu asiye na uraia wa nchi yoyote aliyekaa Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963 angeweza kuomba kuandikishwa kuwa raia, na vizazi vyake walikuwa na njia yao katika sheria hiyo hiyo. Katika masharti yake mojawapo ni kujua Kiswahili au lugha ya mahali. Mpemba aulizwe kama anajua Kiswahili! Sharti hilo Babu alilitimiza kabla sheria haijatungwa. Msomee binti yako kifungu hicho, ataelewa kuwa mlango ulikuwepo miaka mingi na wenye ufunguo hawakuufungua.

BintiMvita (Maryland)
Jumanne, 25 Julai 2023

Naongeza upande wa msongamano, maana nimeupitia. Januari 20, 2009 niliwapeleka wanangu wawili Washington siku Obama anaapishwa, mmoja miaka 9, mwingine 5. Walikadiriwa watu milioni 1.8 na baridi ilikuwa ya kugandisha maji. Tulivaa leso ya Obama iliyoletwa kutoka Mombasa juu ya makoti. Hatukumwona mtu, tuliona migongo na skrini kubwa kwa mbali.

Wa miaka 9 mpaka leo anasimulia yule mama mzee Mmarekani Mweusi aliyekuwa karibu nasi, aliyemwinua kwenye kiti chake cha kukunja ili aone skrini, akamwambia yeye katika umri huo alikuwa haruhusiwi kuketi na Wazungu kwenye basi la kwao Alabama. Wa miaka 5 anakumbuka baridi na kulia. Mdogo wako wa miaka mitatu mwache kwa shangazi, mpenzi wangu. Si haki kwake wala kwako.

Waandike namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya mkono siyo juu. Chagueni mahali pa kukutania nje ya uwanja kabla hamjaingia. Aliyefunga akae kivulini, na akizidiwa afungue, funga ya Ashura ni sunna.

MzeeMakina (Kibra)
Jumanne, 25 Julai 2023

Binti yangu, nimesoma yote haya na moyo umenijaa. Mimi ni Mnubi. Babu zetu walikuwa askari wa Mwingereza kutoka Sudan, wakakalishwa hapa Kibra mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa zaidi ya miaka mia tukawa tunaulizwa tumetoka wapi.

Kuna habari moja ningependa wanao waijue, kwa sababu ni ya watoto. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi katika kesi ya watoto wa Kinubi dhidi ya serikali ya Kenya. Ndio uamuzi wa kwanza kabisa wa Kamati ile. Ilisema si sawa mtoto aachwe bila kujulikana uraia wake mpaka afike miaka 18 ndipo aanze kuhojiwa. Katiba yetu ya 2010 nayo, Ibara ya 53, inasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo naomba usichukuliwe na sherehe tu. Wapeleke, tena mapema wapate pa kukaa. Lakini wasikie kutoka kwako kwamba hakuna anayepewa zawadi pale. Wanasiasa watasema “tumewapa”. Ni desturi yao, waache waseme. Mimi Juni 2017 nilikwenda na wajukuu wangu tulipokabidhiwa hati ya ekari 288 za hapa Kibra. Tulipiga ngoma, tukapika, mchana kutwa ilikuwa furaha. Mjukuu mmoja aliporudi nyumbani aliniambia, “Babu, Rais ni mkarimu sana.” Nilikaa naye mpaka usiku nikimweleza habari za wazee waliokwenda mahakamani wakiwa na nguvu, wakazikwa kesi haijakwisha. Alinisikiliza, ni mtoto mzuri, ila nilitamani nimweleze kabla.

Na huyo huyo alipofika miaka 18 aliitwa mbele ya kamati ya kuhojiwa kama Wanubi wote, aeleze yeye ni nani, ndipo apewe fomu. Hati tunayo, na bado vijana wetu wanahojiwa wakati jirani zao wa kabila jingine wanapita moja kwa moja. FundiMpingo amesema vizuri kuhusu dirishani. Hapo ndipo penyewe. Sherehe ni ya siku moja, dirisha litakuwepo miaka yote.

MamaKaranga (Mayungu)
Jumatano, 26 Julai 2023

Shukrani nyingi kwenu. Nahodha, umenigusa. Jana usiku nilimuuliza mume wangu waziwazi kama ndilo linalomsumbua, akakaa kimya muda, kisha akasema ndilo. La Babu limo, tumethibitisha kwa chifu. La mume wangu na langu hayajatoka, tunazo karatasi za kungojea tu.

Tumekubaliana hivi: watoto wataambiwa leo hii, kabla ya siku yenyewe, kwamba atakayeitwa ni Babu peke yake na baba na mama wanafuata. Wasishtukie pale. Mdogo atabaki kwa dada yangu. Barua ya mwalimu mkuu nimeiandika kama ulivyosema, Mwalimu, ukweli mtupu. Mkubwa ameisoma akaikunja akaitia kwenye daftari.

MamaKaranga (Mayungu)
Jumanne, 1 Agosti 2023

Nimechelewa kurudi, samaki walikuwa wengi mwisho wa wiki na karai halikupoa.

Tulikwenda. Mume wangu pia alikuja, alfajiri alitokea amevaa shati la Idi bila kusema neno. Babu kavaa kanzu na kofia yake ya kutunga aliyotungiwa na marehemu mkewe. Alhamisi usiku aliwaketisha watoto kama alivyoshauri FundiMpingo. Nilidhani atataja watu watatu wanne. Alitaja chombo kizima, nahodha, wavuvi, nani alikuwa anashika sukani, nani alikufa maji karibu na Ras Ngomeni, nani alirudi Kojani asionekane tena, nani kazikwa hapa hapa Mayungu na kaburi halina jina. Mkubwa alikuwa akiandika. Yale majina yako kwenye daftari lake la insha, na mwalimu wake ameshamwomba alisome darasani.

Uwanjani jua lilikuwa kali na kungoja kulikuwa kurefu. Mkubwa alimaliza funga yake. Binti alichoka, akalala mapajani kwangu wakati wa hotuba, nikamwacha. Babu alipopata chake nilimwamsha.

Babu anasoma Kiarabu, herufi hizi nyingine hazijui. Akakipeleka kile kitambulisho kwa mjukuu wake asome. Binti akasoma mstari kwa mstari, jina la Babu, la babake, tarehe, mahali, kwa ile sauti ya kusoma darasani, na wazee wengine waliokuwa karibu wakasogea wakampa na vyao awasomee. Alisoma vingi. Kimoja jina lilikuwa limekosewa herufi, Hamadi limeandikwa Ahmadi, na yeye ndiye aliyegundua. Yule mzee akataka kukikubali hivyo hivyo, “Basi mwanangu, si kitu.” Mkubwa wangu akamwambia, “Ni kitu, babu. Kitakusumbua dirishani.” Akamchukua wakaenda kumtafuta afisa. Wameandikiwa kwenye karatasi arudi kurekebishiwa. FundiMpingo, neno lako la dirishani limeshaingia nyumbani kwetu.

Halafu likaja lile Nahodha aliloliogopa. Binti akamuuliza babake mbele ya watu, “Na wewe chako watakusomea lini?” Mume wangu akamjibu kwamba chake kiko njiani, na siku ya kukifuata atakwenda naye Malindi, kwa sababu anahitaji mtu wa kumkagulia herufi. Akasema hivyo na uso mkavu, lakini mimi ni mkewe, niliona alivyojikaza. Sijui kama ningependa asingeulizwa. Nadhani la, afadhali ameulizwa pale, kati ya watu waliokuwa na swali hilo hilo, kuliko kuulizwa usiku tukiwa peke yetu.

MzeeMakina, nilifanya kama ulivyosema kuhusu zawadi, na mkubwa sasa ameishika Ibara ya 53 anatusomea mpaka tunapokula. Mwenyezi Mungu akulipe.

Jana Babu na mume wangu walikwenda ofisi ya BMU, kamati ya wavuvi ya bandari yetu, kuuliza habari za kuandikisha dau kwa jina la Babu. Wameambiwa walete kopi ya kitambulisho na picha, na mwenyewe afike. Tajiri hajafurahi, hilo tutalizungumza naye, na wazee wa bandarini wamekubali kukaa kati yetu.

Walio Watamu, Kichwa cha Kati na Takaungu ambao majina yenu hayajatoka kama yetu, niandikieni hapa namba iliyo kwenye karatasi ya kungojea mmeiandikiwa tarehe gani, siyo namba yenyewe, tarehe tu. Tukijua walioandikishwa siku moja nasi wamefikia wapi, tutakwenda kwa msajili kwa pamoja. Gari la kukodi kutoka Mayungu tumeshaongea nalo, lina nafasi.